Mafundo Matatu Matatu

Jumapili, 18 Oktoba 1970

Mvua ya kwanza imenyesha katikati ya mahubiri, na bati la kanisa letu la Katuba halikutuacha tusikie hata neno moja. Mwinjilisti Zéphirin aliendelea kupanua mdomo tu. Pengine ndiyo mahubiri yake mazuri kuliko yote. Mungu anisamehe, ni ukurasa wa kwanza na tayari nimemsema mtumishi wake.

Nimenunua daftari hili kwa sababu tangu nimekuwa mjane naongea na cherehani, nayo haijibu. Karatasi haijibu vilevile, lakini angalau inashika.

Basi niandike lililo moyoni. Mdogo wangu Kapya alimzika binti yake Mwansa mwezi wa saba. Surua. Miaka saba. Kilio tulikifunga siku ya arobaini: tukala, tukaosha nyumba, watu wakarudi kwao. Kwetu kilio kikishafungwa hakuna kulia tena kwa sauti, maana watu wanasema mwenye kulia baada ya hapo anaita kifo kingine. Kapya analia bado. Analia akipepeta unga, analia akinunua chumvi. Bwana yake Clément, karani, mtu wa Kasai mwenye viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope, anaona haya. Na mimi, niandike ukweli, nimechoka.

Jumatano, 4 Novemba

Tumeanza kujifunza. Kila Ijumaa Kuu sisi wamama wa kanisa tunasema Maombolezo, sura zote tano, kwa moyo, bila kitabu, kwa sababu nusu yetu hawajui kusoma na nusu nyingine hawana miwani. Nafundisha kwa uzi. Kila mama ana uzi wake, kila fundo ni mstari mmoja, vidole vinapita na mdomo unafuata. Sura ya kwanza mafundo ishirini na mawili. Ya pili vilevile. Ya tatu sitini na sita. Ya nne na ya tano, tena ishirini na mawili. Kwa nini hivyo, sijawahi kujiuliza. Mimi ni mshonaji. Nikipewa kipimo nakata.

Sura ya tatu ni ndefu, kwa hiyo naigawa kumi kumi. Kapya ana kumi la pili, mwaka wa nane sasa: mishale kwenye figo, meno kuvunjwa kwa changarawe, nafsi kuinama. Kumi la tatu, lenye tumaini, nilimpa mama Nkandu, kwa sababu uso wake unacheka hata akilala.

Alhamisi, 12 Novemba

Mvua. Hakuna la kuandika.

Jumamosi, 14 Novemba

Zéphirin amenifuata mpaka nyumbani na karatasi.

"Mama Albertine, hii mambo yenu iko murefu sana. Saa moja na nusu! Bantu banalala."

"Banalala ku mahubiri, baba. Ku Maombolezo banaamuka."

Hakusikia, au hakutaka. Amechagua mistari thelathini tu. Machozi ameyaweka mwanzo, tumaini mwisho.

"Juu kile kitabu kinaisha mubaya," akasema. "Mustari wa mwisho eti labda Mungu ametukataa kabisa! Utarudisha bantu kwao na ile?"

Nilipanga kumkatalia kwa sababu ni Zéphirin. Lakini nilipoisoma karatasi yake, kweli ilinipendeza. Nikafikiri: nikimpa Kapya ile sehemu ya tumaini aiseme mwisho kabisa, labda na machozi yake yatapata mwisho.

Jumanne, 24 Novemba

Siku ya Chama cha serikali. Tuliitwa kuimba uwanjani tangu asubuhi. Mvua ilitupiga mpaka rangi ya vitambaa vya kichwa ikatushukia shingoni. Zéphirin alikuwa na mwavuli. Mmoja, na chini yake mtu mmoja.

Jumamosi, 12 Desemba

Kapya amecheka!

Tulikuwa shambani kule Annexe, tukipalilia mahindi. Niliteleza, nikakaa na uzito wangu wote juu ya kikapu cha chakula. Ugali, samaki, kila kitu. Kapya alishika jembe asianguke. Alicheka mpaka akakaa chini naye, kwenye matope, na akasema, akiniita dada mkubwa kama siku zote, "Yaya, leo samaki banakukula weye."

Jioni nilimwambia Clément. Nilikimbia kumwambia, kama mtu aliyeokota kitu.

Jumapili, 13 Desemba

Mdomo wangu huu. Siku moja nitaupiga pindo.

Leo wakati wa wimbo Kapya alilia tena. Nje, mbele ya watu wote, Clément akamgeukia:

"Jana ulicheka! Yaya yako mwenyewe aliniambia. Muntu mwenye anaweza kucheka anaweza kunyamaza."

"Nilicheka," Kapya akasema. "Halafu?"

"Halafu iliisha! Kilio kiliisha!"

Kapya akaniangalia. Siyo Clément, mimi. Nikajifanya natafuta kanga yangu.

Ijumaa, 25 Desemba

Noeli. Alilia.

Jumamosi, 16 Januari 1971

Clément amekuja peke yake. Alikaa na kofia juu ya magoti, viatu akaviweka mbali na mahali bati linapovuja.

"Mama Albertine, miye si muntu mubaya."

"Hakuna mwenye alisema."

"Mama yangu anasema ile machozi itatuletea kifo ingine pa nyumba. Ku kazi banasema bibi ya karani eko na pepo. Nilivumilia. Sasa nasema hivi: kama siku ya Ijumaa Kuu analia mbele ya bantu, nitamurudisha hapa kwako. Na vyombo vyake vyote."

Alisema polepole, kama mtu anayesoma barua aliyoiandika yeye mwenyewe na haipendi.

"Na weye, Clément. Ulilia lini?"

"Miye niko mwanaume."

"Sikuuliza ile."

Akavaa kofia, akaenda kwenye mvua.

Jumapili, 17 Januari

Nilimwita Kapya, nikamfundisha maneno ya mwisho kwenye karatasi ya Zéphirin. Rehema mpya kila asubuhi. Maneno mazuri, mtu angeyasema hata na jino linauma. Alisikiliza yote, kisha akauliza:

"Yaya, sema kweli. Nikiisha kusema ile, nakatazwa kulia?"

"Njo faida yake," nikajibu. Ndiyo faida yake! Ndivyo nilivyojibu, naandika ili nione haya kila nikisoma.

Akanirudishia uzi wake, akaenda. Hakuaga. Tangu mama yetu afe hajawahi kutoka kwangu bila kuaga.

Jumatatu, 8 Februari

Mvua siku ya sita. Unga una ukungu, Biblia ina ukungu, nadhani hata mimi nina ukungu. Kapya haji mazoezini. Mama Nkandu anaimba.

Jumatano, 10 Februari

Lazima niandike yote kabla sijasahau.

Nafanya kazi ya kupiga pindo kwenye duka la vitambaa la Madame Fortunée. Ni mjane wa Kiyahudi, alikuja hapa mjini akiwa bi harusi kutoka kisiwa cha Rodo, zamani sana, na Kiswahili chake ni cha hapahapa. Wenzake wengi wameondoka. Yeye anasema magoti yake hayapendi ndege.

Leo hakukuwa na mnunuzi, mvua ilikuwa imefunga barabara. Nilikuwa nashona huku nikirudia sura ya tatu, nikitafuta mtu wa kumpa kumi la Kapya.

"Albertine, unasema nini pale?"

"Maombolezo, Madame."

"Yetu?"

"Yetu pia."

Akacheka. "Haya. Yetu pia. Sema nisikie."

Nikasema kumi la pili. Nakumbuka taabu yangu, uchungu na nyongo. Nafsi yangu inakumbuka, inakumbuka, imeinama ndani yangu. Nikatua, nikavuta pumzi, kama tunavyofanya siku zote.

"Juu ya nini unakatia pale?"

"Pale njo mwisho. Mama mwingine anashika. Nilibagawia kumi kumi."

"Kumi? Nani alikuambia kumi?"

Nikasema hakuna aliyeniambia. Akaingia nyuma ya duka, akarudi na kitabu kimefungwa kwenye foronya, akakiweka juu ya meza ya kukatia. Kinafunguliwa kwa upande ambao sisi tunafungia. Alinionyesha kwa kidole, akitoka kulia. Herufi zao ni ishirini na mbili. Katika zile sura, mstari wa kwanza unaanza na herufi ya kwanza, wa pili na ya pili, mpaka ya mwisho. Ndiyo maana ishirini na mawili! Miaka minane nafunga mafundo bila kujua nafunga nini.

"Na ya tatu?" nikauliza. "Sitini na sita?"

"Kila herufi mara tatu. Angalia: tatu, tatu, tatu. Kama nguo ya seti. Huwezi kuuza blauzi hapa, sketi kule."

Kisha akaweka kidole kwenye wa kumi na tisa, wa ishirini, wa ishirini na moja. Herufi moja. Nakumbuka taabu yangu. Nafsi imeinama. Hili nalirudisha moyoni, kwa hiyo natumaini.

Nikaacha mkasi. Mimi nilikuwa nakata hapo hapo. Baada ya wa ishirini. Miaka minane nimempa Kapya machozi na mama Nkandu tumaini, kama kwamba anayelia ni mtu mmoja na anayetumaini ni mwingine, amekaa benchi la pili, amekula vizuri. Kumbe ni mdomo mmoja. Pumzi moja.

"Ulikata muntu mu mbili," Madame akasema, kwa sauti ileile anayotumia nikiharibu kitambaa.

Nikamweleza karatasi ya Zéphirin, tumaini kuwekwa mwisho. Hakukasirika. Alihesabu. Sura tano, ya katikati ni ya tatu. Mistari sitini na sita, katikati yake ni pale panaposema kwamba Bwana hatakataa mtu milele, na kwamba akitesa hatesi kwa kupenda moyoni mwake. Hapo ndipo shina la kitabu chote. Halafu mistari inaendelea, na machozi yanarudi, mito na mito.

"Juu ya nini hawakuiweka mwisho, Madame?"

Alikunja ile foronya vizuri kwanza.

"Dada zangu wawili balibakia kule kisiwani. Wakati wa vita maaskari walikuya kubachukua, na bantu yote ya mutaa wetu, hawakurudi. Kila mwaka nasoma hii, nakaa chini ku sakafu. Kama tumaini ingekuwa ku mwisho, ningefika pale mara moja, nafunga kitabu, kiisha. Lakini iko katikati. Kila mara napita pale, na kila mara natoka upande ingine, nalia tena. Wale wenye waliandika walijua. Hawakuniambia ninyamaze."

Nikauliza sura ya tano. Akasema ile ina mistari ishirini na miwili kama zingine, lakini herufi haziko kwa mpangilio tena. Hesabu imebaki, mpangilio umepotea. Nikafikiria nyumba ya Kapya: viti vyote viko, sahani zote ziko, na hakuna kitu kilicho mahali pake.

Pindo za mchana huu nimezipiga zote upande wa nje. Nitafumua kesho.

Ijumaa, 12 Februari

Zéphirin.

"Mama, Baebrania bako na herufi zao, shiye tuko na zetu. Mu Kiswahili ile mambo haionekane."

"Haionekane, lakini iko. Pindo pia haionekane. Uitoe basi, uone kama suruali itakuheshimu."

"Bantu batarudi kwao na huzuni!"

"Ni Ijumaa Kuu, baba! Ulitaka barudi na nini?"

Akasema tuulize pasta. Tukamwuliza pasta. Pasta, ambaye hapendi kumkosea hata nzi, akasema: wamama waseme yote, na Zéphirin afunge kwa maneno ya furaha. Yaani kila mtu apate, na asiwepo wa kufurahi.

Jumamosi, 20 Februari

Nimefungua mafundo yote na kufunga upya, matatu, nafasi kidogo, matatu. Wamama wamenigeuka. Mama Nkandu amesema nimemwibia tumaini lake. Mwingine amesema vidole vyake vilishazoea, na mtu hawezi kubadilishiwa vidole uzeeni. Nikawaambia basi wabaki na uzi wa zamani na mimi niende kulala. Wakabaki, wakajifunza, wakinung'unika kila fundo.

Kisha nikachukua uzi mrefu, nikaenda Kampemba kwa Kapya. Alikuwa anapepeta. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu mwenye kosa akikaa anaanza kueleza sana. Nikamwambia: miaka minane nilikukata vibaya. Nikamwonyesha tatu tatu. Nikamwambia tumaini liko wapi, na nini kinakuja baada yake.

Alipitisha vidole kwenye uzi, polepole, mpaka katikati, na akapita.

"Nipe yote," akasema.

"Sitini na sita?"

"Yote."

"Utalia, Kapya. Na Clément alisema..."

"Najua yenye alisema. Nitalia pale penye iliandikwa kulia."

Nikaudhika, kweli. Nilikuja kuomba msamaha, sikuja kuombwa nyumba. Kwangu kuna chumba kimoja na nusu, na ile nusu inavuja.

Jumatano, 10 Machi

Kapya anajifunza haraka kuliko ninavyosoma. Nimeanza kuhamishia vitambaa kwenye ile nusu ya chumba inayovuja. Kama atarudishwa, apate pakavu.

Jumapili, 28 Machi

Mvua inapungua. Clément alinisalimia kwa kichwa tu. Namwona mtu mgumu, kisha naona jinsi anavyoshika mkono wa mtoto wao mdogo aliyebaki akivuka mfereji, mkono wote, mpaka kwenye kiwiko. Sijui nimwandike vipi.

Ijumaa Kuu, 9 Aprili

Nimerudi sasa hivi. Sijavua hata viatu, naandika.

Kanisa lilijaa. Wanaume upande wao, wanawake wetu. Clément alikaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, kama mtu aliye tayari kutoka na kwenda kufunga vyombo.

Sura ya kwanza ilienda. Ya pili mama mmoja aliruka fundo, nikamkoholea, akarudi. Kisha Kapya akasimama peke yake, uzi mkononi, kitambaa cheupe kichwani. Hakuwa na sauti kubwa. Watu waliinama kumsikia.

Alifika kumi na tisa. Nakumbuka taabu yangu. Ishirini, imeinama ndani yangu. Mimi, kwa mazoea ya miaka minane, nilivuta pumzi. Yeye hakuvuta. Alipita: hili nalirudisha moyoni, kwa hiyo natumaini. Ilikuwa sauti ileile. Sauti ya anayelia ndiyo iliyosema.

Akaendelea mpaka katikati. Hatakataa milele. Hatesi kwa kupenda moyoni mwake. Pale watu wakasema amina kwa nguvu, viti vikalia, na mama Nkandu, si mwingine, akaanzisha wimbo wa shukrani! Akadhani tumemaliza. Wengine wakamfuata. Nilitaka ardhi imfungukie yeye au mimi. Kapya akainua mkono ulioshika uzi. Nusu ya uzi ilikuwa bado. Wimbo ukafa kidogo kidogo, na akashika fundo linalofuata.

Na machozi yakaja pale yalipoandikwa. Jicho langu linabubujika, halinyamazi, mpaka Bwana aangalie toka juu aone. Alilia mbele ya watu wote, na maneno hayakukatika hata moja. Alilia na akahesabu. Tatu, nafasi, tatu. Mpaka sitini na sita.

Sikuthubutu kuangalia mlangoni.

Sura ya nne tukaisema wote. Ya tano ni yangu. Niliisema nikijua sasa kwamba mpangilio hauko, na nikafika mstari wa mwisho, ule anaouogopa Zéphirin: au umetukataa kabisa, umetukasirikia kupita kiasi? Nikashusha uzi. Hakuna aliyesema amina. Mtu anasemaje amina kwa swali?

Zéphirin akasimama, na tabasamu lake limepigwa pasi.

"Aleluya, bapendwa! Sasa tufute machozi—"

"Mwinjilisti, ukae."

Nikageuka. Clément amesimama. Karani wetu mwenye tai, uso wake wote maji, na hakuinua mkono kuyafuta.

"Pardon?" Zéphirin akasema.

"Ukae kwanza. Bado."

Neno hilo moja. Kisha akatoka upande wa wanaume, akavuka katikati ya kanisa na viatu vyake vinavyolia, akaja upande wetu, ambako mwanaume hakai, akakaa karibu na Kapya. Mama Nkandu ikabidi asogee, na akasema kwa sauti ya kusikika mpaka madhabahuni, "Eh, baba, unanikanyaga muguu!"

Kapya hakumgeukia. Alimwekea ncha ya uzi mkononi, basi. Wakakaa wakilia, wawili, na hakuna aliyewaambia kilio kilifungwa. Na Zéphirin alikaa. Niandike hilo pia kwa haki: alikaa, akainamisha kichwa, na hakufungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu aje hapa nilimpenda, muda wa dakika tano hivi.

Jumamosi, 10 Aprili

Hakuna aliyerudishwa. Nimefua.

Jumatatu, 12 Aprili

Jua. Kapya na Clément wamekuja kunywa chai na mtoto wao mdogo. Tulikaa nje. Nilikuwa nalalamikia bei ya sukari, ndipo Kapya akasema, bila mtu kumwuliza:

"Mwansa alificha kiatu ya baba yake. Ile siku ya inspekta. Mu unga."

"Mu makala," Clément akasema.

"Mu unga. Miye njo nilipepeta."

"Kapya, kiatu ilikuwa yangu! Nilienda ku kazi na mukono mweusi!"

"Ulienda na mukono mweupe, bantu balikucheka!"

"Mweusi!"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba kumsikia Clément akizungumzia siku za Mwansa. Kapya alikuwa analia na kucheka, sikuweza kuona kipi kimeanza, na Clément alikuwa anapiga meza kwa ajili ya makala yake mpaka vikombe vikaruka. Wakabishana mpaka chai yangu nzuri ikapoa, na sukari ilivyo adimu.

Siku ile walikuwa wamelala kwangu, na kiatu kilikuwa chini ya kuku wangu aliyekuwa anaatamia. Nilikitoa mimi mwenyewe, na Mwansa alikuwa nyuma ya mlango, amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Nilitaka kuwaambia. Kisha nikaingia ndani kuwasha moto upya kwa chai nyingine, nikawaacha waendelee.